Sura ya Tano: Njia ya Mwandishi wa Teknolojia, Kuanzia Ngungu

Swali ambalo wasomaji wa Kivu Kaskazini hulirudia kila uandishi wa teknolojia unapotajwa ni hili: je, kijana aliyemaliza sekondari Ngungu, mahali ambapo rezo huja na kupotea na simu nyingi huchajiwa kwa sola ya jirani, anaweza kuifanya kazi hiyo na hatimaye kumiliki chombo chake mwenyewe, au ni kazi ya watu wa Kinshasa, Nairobi na California peke yao? Wazazi wake huongeza swali la pili, lenye uzito uleule, nalo ni kama kazi hiyo inamlisha anayeifanya. Maswali haya hayajibiki kwa kutaja orodha ya shule na vyeti, kwa sababu wengi wa walioifungua njia hii hawakuingia kwa mlango wa shule ya uandishi wa habari, na kwa hiyo sura hii inafuata hatua walizopita, kisha inazipima kwa hali halisi ya milima ya kusini mwa Masisi, upande unaoelekea Kalehe katika Kivu Kusini.

Istilahi mbili zinahitaji kuwekwa wazi kwanza. Mwandishi wa teknolojia ni mtu anayechunguza vifaa, programu na mitandao ambayo watu huitumia, akaeleza kwa lugha yao jinsi inavyofanya kazi, nani aliyeitengeneza, nani anayeilipia na nani anayefaidika. Mchapishaji ni mtu au taasisi inayobeba dhamana ya maneno hayo mbele ya umma, mbele ya sheria na mbele ya wadai: ndiye anayeamua kitoke nini, ndiye anayemlipa mpiga chapa au kununua mafuta ya jenereta ya redio, na ndiye anayeitwa mahakamani jambo likiharibika. Mtu mmoja anaweza kuzifanya kazi zote mbili, na penye vyombo vidogo mara nyingi ndivyo inavyokuwa, lakini umahiri katika ya kwanza hautoshi kwa ya pili.

Kazi yenyewe ni ipi

Mfano ulio karibu na kila mwenye simu nchini Congo ni wa RAM, kifupisho cha jina la Kifaransa la rejista ya vifaa vya mkononi. Kuanzia Septemba 2020 watumiaji walianza kuona yuniti zao zikipungua bila wao kupiga simu, kwa sababu ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilikuwa imeanzisha ada ya kila mwaka kwa kila kifaa: dola 1.17 kwa simu za kizazi cha pili, yaani zile za kupiga na kutuma ujumbe, na dola 7 kwa simu zinazoingia kwenye intaneti ya kizazi cha tatu na kuendelea. Sababu rasmi ilikuwa kuzitambua simu bandia na za wizi, lakini fedha zilikatwa moja kwa moja kwenye salio, kwa mafungu, na watu wengi walizikosa kabla hawajasikia hata jina la ada yenyewe. Malalamiko yalifika Bungeni mwaka 2021, ambako wabunge walimzomea waziri aliyehusika, na mwanzoni mwa 2022 ada hiyo ikaondolewa.

Kisa hiki kinaonyesha kazi ya mwandishi wa teknolojia kuliko habari yoyote ya uzinduzi wa simu mpya. Mwandishi wa siasa aliandika kwamba wabunge wamekasirika, na hilo lilikuwa kweli, ila mama anayeuza maharage Ngungu alihitaji kujua jambo jingine: kwa nini simu yake ndogo ya vitufe imekatwa kiasi kidogo wakati ya mwanawe imekatwa kiasi kikubwa, mtandao umejuaje aina ya simu aliyonayo, na je, akibadilisha kadi ya simu atakatwa tena? Kuyajibu maswali hayo kunamlazimu mwandishi aeleze IMEI, ambayo ni namba ya tarakimu 15 inayotambulisha kifaa chenyewe, tofauti na namba ya simu inayotambulisha kadi, na ambayo kila mtu anaweza kuiona kwa kubonyeza *#06#. Msomaji akishaiona namba hiyo kwenye kioo cha simu yake mwenyewe, ameelewa RAM kuliko angeelewa kwa hotuba ya saa nzima.

Namna ya kuichunguza habari ya aina hiyo nayo haihitaji ofisi. Kinachohitajika ni chumba cha kuchajia simu, ambamo simu za watu hulala mezani zikiwa zimebandikwa vipande vya karatasi vyenye majina, na ruhusa ya wenyewe: mwandishi anaandika daftarini salio kabla ya kuweka yuniti, salio baada ya kuweka, saa, aina ya simu, mtandao, na ujumbe uliofika kuhusu makato, kisha anarudia kwa simu nyingine na siku nyingine, mpaka aone kama makato yanafuata kanuni iliyotangazwa au yanakwenda ovyo. Baada ya hapo anamuuliza wakala wa kampuni ya simu, anaitafuta na kuisoma amri ya serikali yenyewe, na mwisho anaandika aya chache ambazo mtu anaweza kumsomea bibi yake. Daftari hilo ndilo mtaji wa kwanza wa kazi hii, na ni mtaji ambao mwandishi wa Kinshasa hana, kwa sababu hayuko katika chumba hicho.

Kwa ufupi: mwandishi wa teknolojia huanza na mtumiaji na swali lake, akarudi nyuma hadi kwenye mashine, sheria na fedha zilizo nyuma ya swali hilo.

Waliotangulia walianzia wapi

David Bunnell, mmoja wa wachapishaji wakubwa wa magazeti ya kompyuta nchini Marekani, alikuwa mwana wa mhariri wa gazeti la Alliance, mji mdogo katika jimbo la Nebraska, na kabla ya kuingia kwenye kompyuta alisoma historia na kufundisha shule. Alipata kazi ya kuandika miongozo, yaani vitabu vya maelekezo ya matumizi, katika kampuni ya MITS mjini Albuquerque, ambayo mwaka 1975 ilikuwa ikiuza Altair 8800, kompyuta ambayo mnunuzi aliweza kuiunganisha mwenyewe nyumbani. Wanunuzi wale walikuwa wametawanyika nchi nzima na kila mmoja alikwama mahali tofauti, na Bunnell akawaanzishia jarida dogo lililoitwa Computer Notes, ambamo maswali yao yalijibiwa na ambamo Bill Gates kijana alichapisha barua yake ya mwaka 1976 ya kuwalalamikia waliokuwa wakinakili programu bila kulipa. Kutoka hapo Bunnell alianzisha PC Magazine mwaka 1982, PC World mwaka 1983 na Macworld mwaka 1984. Njia yake ilipita kwanza kwenye mwongozo wa matumizi, kisha jarida la wateja, kisha gazeti la umma, na katika kila hatua wasomaji walikuwapo kabla ya gazeti.

Tim O'Reilly, aliyezaliwa Ireland na kukulia Marekani, alisoma lugha na fasihi za kale za Kiyunani na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka 1975, na miaka michache baadaye akawa anaandika miongozo ya kompyuta kwa mkataba wa kampuni nyingine. Kazi za mikataba zilipopungua katikati ya miaka ya 1980, alikuwa amejiwekea haki ya kuyatumia tena baadhi ya maandishi yake, akayageuza kuwa vitabu vyembamba kuhusu Unix, mfumo endeshi uliotumiwa na mashine za vyuo na makampuni, na kutokana na vitabu hivyo ikakua kampuni ya uchapishaji inayojulikana kwa wanaprogramu duniani kote. Jambo la kujifunza hapa ni la kisheria zaidi kuliko la kifasihi: angekuwa ameuza kila neno kwa waliomwajiri, asingekuwa na kitu cha kuchapisha siku ajira ilipokwisha.

Karibu zaidi na nyumbani yuko Maxence Melo wa Tanzania, mhandisi wa ujenzi kwa masomo, ambaye mwaka 2006 pamoja na Mike Mushi alianzisha jukwaa lililokuja kujulikana kama JamiiForums, ambako Watanzania walijadili kwa Kiswahili mambo ya nchi yao na kufichua ufisadi bila kulazimika kutaja majina yao. Melo anastahili kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu maisha yake yanaonyesha mahali ambapo ujuzi wa teknolojia na dhamana ya mchapishaji hukutana. Mwaka 2008 yeye na mwenzake walikamatwa kwa mara ya kwanza. Desemba 2016 alikamatwa tena, akawekwa mahabusu kwa siku kadhaa na kushtakiwa, miongoni mwa mengine, kwa kuzuia uchunguzi wa polisi waliotaka taarifa za watumiaji. Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kutumika Tanzania, jukwaa lilifungwa kwa muda. Kesi zilimrudisha mahakamani mara nyingi mno kwa miaka, na mwaka 2019 Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, CPJ, yenye makao yake New York, ilimpa tuzo yake ya kimataifa ya uhuru wa vyombo vya habari.

Kilichogombaniwa katika kesi zile kilikuwa taarifa zilizohifadhiwa kwenye mashine, yaani nani aliandika nini, kutoka wapi na saa ngapi. Mhariri wa gazeti la karatasi alikuwa akiulizwa jina la mtoa habari na aliweza kunyamaza, lakini mchapishaji wa mtandaoni anaweza kunyamaza yeye huku kompyuta yake ikisema kila kitu, na hivyo kuamua ni taarifa gani zisihifadhiwe kabisa kumekuwa sehemu ya maadili ya kazi. Mtu asiyejua mashine zake zinaweka kumbukumbu gani hawezi kumwahidi mtoa habari usalama, hata awe na moyo safi namna gani.

Ngungu ndani ya historia ya simu

Wengi hudhani kwamba teknolojia hutoka nje na kuingia Masisi ikiwa imefungwa kwenye maboksi. Ukweli ni kwamba sehemu yake hutoka Masisi kwanza. Rubaya, iliyo katika wilaya hiyohiyo ya Masisi, ina migodi ya koltani, mawe na mchanga mweusi mzito ambamo hutolewa tantali, metali inayostahimili joto kali kiasi kwamba huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 3,000 za Selsiasi. Kazi yake kubwa ni kutengeneza kapasita, kijisehemu kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa kwa kipimo sawa, ili saketi ya simu isipate mshtuko umeme unapopanda na kushuka. Tantali huwezesha kapasita kuwa ndogo sana na bado ikafanya kazi, na ndiyo maana simu na kompyuta zimeweza kuwa nyembamba. Mara nyingi hutajwa kwamba Rubaya hutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima.

Historia ya madini haya ni historia ya teknolojia, hata kama mara nyingi husimuliwa kama historia ya vita tu. Mwaka 2000 mahitaji ya viwanda vya simu na michezo ya kompyuta yalipopanda ghafla, bei ya koltani ilipaa na watu wa Kivu waliacha mashamba na mifugo wakakimbilia machimboni. Mwaka 2001 bei ilianguka, na waliouza ng'ombe ili kuingia katika biashara hiyo walibaki bila ng'ombe na bila koltani. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya fedha ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka Congo au nchi jirani, na ambayo wachimbaji wengi wa Kivu waliiita sheria ya Obama. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, zuio lililodumu hadi Machi 2011 na kuziacha familia nyingi bila kipato. Ukafuata mfumo wa lebo, unaoitwa ITSCI, ambao chini yake kila mfuko wa madini hufungwa kwa kibandiko chenye namba mgodini na kingine unapofika kwa mfanyabiashara, ili mnunuzi wa mbali ajue ulikotoka. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, mfumo wa lebo ukasimamishwa Masisi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti baadaye mwaka huo kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi za biashara ya koltani ya huko.

Hapa ndipo mwandishi aliyezaliwa Ngungu ana nafasi ambayo hakuna mwingine aliye nayo, na inasikitisha kwamba nafasi hiyo haijajazwa. Ripoti nyingi kuhusu koltani huandikwa na watu wanaofika kwa siku chache, husomwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na huishia kwenye picha ya mchimbaji aliyepakwa tope. Mtu anayekaa hapo anaweza kufuatilia mambo ambayo mgeni hayaoni: bei ya kilo kwenye shimo wiki hii ikilinganishwa na bei ya wiki iliyopita, pale lebo zinapotumika, namba ya lebo iliyoandikwa upya kwa wino tofauti, siku ambayo mifuko ilianza kupita njia nyingine, jinsi mchimbaji anavyolipwa kwa simu na kiasi anachokatwa anapotoa fedha taslimu. Kila moja ya hayo ni habari ya teknolojia, kwa sababu inaeleza mnyororo mzima wa kifaa ambacho msomaji ameshika mkononi.

Jambo la fedha za simu linastahili sura yake lenyewe, ila litajwe hapa kwa ufupi. M-Pesa ya Vodacom iliingia Congo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money nazo zinatumika sana. Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufunga milango, huduma hizo zikawa njia kuu ya watu wengi kupokea na kutuma fedha, na noti zilipoadimika gharama ya kuzitoa ikapanda. Mwandishi anayeweza kueleza kwa nini salio la simu na noti mkononi viliacha kuwa na thamani moja anamfaa jirani yake leo hii.

Chombo cha kwanza

Nchini Congo redio ndiyo nyumba kubwa ya uchapishaji, na mwandishi anayefikiria karatasi au tovuti tu ameikosa hadhira yake. Radio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, na chini yake kuna redio nyingi ndogo za jamii zinazosikika bonde hadi bonde. Kipindi cha dakika 15 kwa wiki kuhusu simu, sola na fedha za mtandao, kikipangwa vizuri na kuandikwa chote kabla ya kusomwa, ni chapisho kamili: kina wasomaji, ambao hapa ni wasikilizaji, kina tarehe, na kina mtu wa kulaumiwa kikikosea.

Kipindi kama hicho kinaweza kupimwa kwa manufaa yake. Chukua sola, kwa mfano. Paneli inayouzwa sokoni ikiwa imeandikwa wati 100 inaweza isitoe hata nusu yake, na mnunuzi hana njia ya kujua mpaka betri inapokataa kujaa. Mwandishi mwenye kipima umeme cha bei nafuu anaweza kuipima paneli saa sita mchana, penye jua wazi, akaandika volti na ampea paneli ikiwa inalisha mzigo, akazizidisha kupata wati, akarudia kwa paneli za maduka mengine, na kutangaza matokeo pamoja na maelezo ya jinsi alivyopima ili fundi yeyote aweze kumkosoa. Kipimo kimoja cha namna hiyo humjengea mtu jina kwa haraka kuliko tafsiri mia za habari za simu za Korea.

Kuandika chote kabla ya kusoma kuna faida nyingine ambayo huonekana baadaye. Maandishi ya vipindi yakihifadhiwa kwa tarehe, yakanakiliwa kwenye kadi ya memori na kuwekwa mahali pawili tofauti, baada ya miaka michache yanakuwa hazina ambayo miongozo, vijitabu vya shule na makala ndefu vinaweza kutolewa humo. Njia za kusambaza nazo zichanganywe: sauti na maandishi mafupi kwa WhatsApp, karatasi iliyobandikwa kwenye chumba cha kuchajia simu, na redio yenyewe. Wakati wa uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa takriban siku 20, na mwaka 2011 ilizuia ujumbe mfupi wa simu kwa majuma kadhaa. Mchapishaji anayetegemea njia moja hunyamazishwa kwa amri moja.

Katika hatua hii, mtu anayeanza anahitaji vitu hivi tu:

– daftari la vipimo na salio, lenye tarehe kwenye kila ukurasa;
– simu inayorekodi sauti vizuri, na kadi mbili za memori;
– makubaliano ya maandishi na redio kwamba maandishi ya kipindi yanabaki mali ya mwandishi;
– fundi mmoja mwaminifu na mwalimu mmoja wa fizikia, wa kumsahihisha kabla hajatangaza.

Je, inalisha?

Jibu la haki kwa wazazi ni kwamba kazi hii hulisha polepole, na mara chache hulisha kwa mlango mmoja. Mwandishi wa redio ya jamii hulipwa kidogo sana au halipwi kabisa, na pengo hilo ndilo linaloendeleza kile ambacho wanahabari wa Congo wanakiita coupage, yaani fedha ambazo mwandaaji wa mkutano humpa mwandishi aliyekuja kuuripoti. Kwa mwandishi wa teknolojia desturi hii ina madhara ya pekee, kwa sababu muuzaji wa paneli au kampuni ya simu iliyomlipa nauli na chakula ndiyo ambayo bidhaa yake anatakiwa kuipima kesho, na msikilizaji aliyenunua paneli mbovu kwa kumwamini hatarudi kumsikiliza.

Njia safi zipo, nazo zinafanana na zile za Bunnell na O'Reilly kuliko inavyodhaniwa. Ushirika wa wafugaji wanaotengeneza jibini la Masisi huhitaji mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kupokea malipo kwa simu bila kuibiwa. Shule huhitaji kijitabu cha umeme wa sola. Mashirika ya misaada yanayogawa fedha kwa simu huhitaji maelezo ambayo mpokeaji ataelewa, na kwa sasa mara nyingi hutumia tafsiri mbovu ya Kifaransa. Kazi hizo hulipwa, hufanywa kwa mkataba, na hazimzuii mwandishi kuendelea kuchunguza, mradi tu asiandike habari juu ya aliyemlipa bila kuwaambia wasikilizaji. Kufundisha nako hulipa. Matangazo ya biashara huja mwisho, wakati hadhira imeshajulikana, na hapo ndipo mwandishi anapaswa kuwa na mtu mwingine wa kuyauza, maana mkono unaopima paneli usiwe ndio unaopokea fedha za muuzaji wake.

Kwa ufupi: huduma ya kueleza huja kwanza na hulipa bili, uchunguzi hujenga imani, na matangazo huufuata umati ulioletwa na hivyo viwili.

Sheria, hatari na uamuzi wa mchapishaji

Tarehe 13 Machi 2023 Congo ilipata sheria mbili zinazomgusa moja kwa moja anayetaka kuchapisha: sheria mpya ya uhuru wa vyombo vya habari, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996, na Kanuni ya Kidijitali, inayohusu mambo ya mtandaoni, pamoja na adhabu za kusambaza habari za uongo kwa njia za kielektroniki. Juu ya hizo kuna CSAC, baraza linalosimamia redio, televisheni na mawasiliano, na kuna UNPC, umoja wa wanahabari unaotoa kadi ya kazi. Mwandishi anayeanza hupuuza mambo haya kwa kuyaona ni ya wakubwa wa Kinshasa, lakini ni nafuu kuyajua mapema.

Kesi ya Stanis Bujakera inaeleza sababu. Bujakera, naibu mkurugenzi wa uchapishaji wa Actualité.cd, ambaye pia alikuwa akiandikia Jeune Afrique na Reuters, alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023, akahukumiwa kifungo cha miezi sita Machi 2024, na akaachiliwa tarehe 19 mwezi huo kwa kuwa alikuwa ameshakaa gerezani muda mrefu zaidi ya adhabu yenyewe. Upande wa mashtaka ulitegemea hoja za kiufundi, ukidai kwamba njia ya waraka uliosambazwa kwa programu za ujumbe ilimrudia yeye, na wataalamu waliochunguza madai hayo waliyapinga. Mwanahabari huyo hakuwa ameshtakiwa kwa makala ya teknolojia, na bado uhuru wake ulitegemea kama mtu mahakamani angeweza kueleza programu ya ujumbe inahifadhi nini na haihifadhi nini.

Katika eneo lenye vita, hatari haingoji mahakama. Shirika la Journaliste en danger, lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1998, limekuwa likiandika orodha ya wanahabari waliotishwa, waliofungwa na waliouawa, na mashariki mwa nchi orodha hiyo ni ndefu. Kwa mwandishi wa teknolojia, kinga ya kwanza iko kwenye vifaa vyake. Picha iliyopigwa kwa simu huweza kubeba ndani yake maelezo yasiyoonekana, yaani saa, aina ya simu na hata mahali ilipopigwa kwa kipimo cha mita chache. Maelezo ya mahali huzimwa kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kufika mgodini, na kwa picha zilizokwishapigwa njia rahisi ni kuipiga picha ile picha ikiwa kwenye kioo, kwa kutumia simu nyingine iliyozimwa huduma ya mahali. Majina ya watoa habari hayaandikwi katika daftari linalobeba vipimo, sauti zao husikilizwa, huandikwa na kufutwa siku hiyohiyo, na ujumbe wa WhatsApp huwekewa muda wa kujifuta.

Baada ya tahadhari hizo zote hubaki uamuzi, na uamuzi ni wa mchapishaji. Mwandishi akileta habari ya lebo zilizobadilishwa, yenye namba, tarehe, bei na jina la mchimbaji aliyezionyesha, mchapishaji anayeijua kazi yake atazihakiki namba kwa chanzo cha pili kisicho na uhusiano na cha kwanza, ataziacha bei na tarehe kama zilivyo, ataondoa jina, ataondoa pia idadi ya watu waliokuwa shimoni asubuhi ile ikiwa walikuwa wachache kiasi cha kumfanya mmoja wao atambulike, na kama bado haridhiki ataiweka habari hiyo kabatini mpaka mchimbaji yule awe amehama.